MSOMAJI NA KITABU
Fundisho juu ya hukumu ya kuisoma Biblia, na juu ya Ukristo katika siasa, kwa mfano wa Kemondo na nchi ya Bukoba

MUKADDIMA

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na kumsalia Mtume wake Muhammad na jamaa zake na sahaba zake, jua, ewe msomaji, ya kuwa yako masuala mawili yawasumbuayo vijana wa Kiislamu wa pwani kila wasafiripo kwenda bara. La kwanza: je, yajuzu kwa Muislamu kuifungua Biblia na kuisoma? La pili: Wakristo waliipataje nafasi waliyo nayo katika siasa, na Muislamu aikabili vipi?

Watu wengi huyajibu masuala haya kwa hamaki kabla ya kuyachungua. Mmoja husema Biblia haiguswi kabisa. Mwingine huichukua akaenda nayo kiwanjani kuwatukania watu dini yao. Yule wa kwanza hukaa na ujinga wake, na huyu wa pili huleta fitina, na wote wawili hawakuwauliza wenye elimu. Kwa hiyo fundisho hili limepangwa kwa fasili tano na masuala machache, likatwaa mfano wa Kemondo, kwa kuwa huko mambo haya mawili, kusoma na kutawala, yalifungamana tangu mwanzo.

FASILI YA KWANZA: KHABARI ZA WASOMAJI

Kemondo ni bandari ya ziwa Viktoria, upande wa magharibi, kusini ya mji wa Bukoba, katika njia iendayo Muleba. Mtu wa Tanga au Mombasa ashukapo hapo huona migomba na mibuni, akasikia kengele za makanisa, akaonyeshwa skuli zilizoanzishwa na mapadri. Basi hudhani ya kuwa Ukristo ndio uliotangulia kufika pande hizo. Sivyo. Watu wa pwani ndio waliotangulia. Mwaka 1844 Ahmad bin Ibrahim alikuwa katika baraza ya Kabaka Suna wa Buganda, naye hutajwa kuwa ndiye wa kwanza kumtajia mfalme huyo Mwenyezi Mungu. Na Karagwe, jirani ya Buhaya, palikuwa na kituo cha wafanya biashara wa pwani mahali paitwapo Kafuro. Stanley alipopita huko mwaka 1876 alimkuta Hamed bin Ibrahim amekwisha kaa miaka mingi.

Kabaka Mutesa, mwana wa Suna, alifunga Ramadhani kwa miaka kadhaa. Lakini mwaka 1876 aliwaua vijana wa Kiislamu wa jumba lake walioishika dini kwa nguvu kuliko alivyotaka yeye. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Stanley alikuwa amekwisha mwachia kijana aliyelelewa na mapadri wa Unguja, jina lake Dallington, ili amsomee Biblia. Nayo Biblia hiyo alisomewa kwa Kiswahili. Alipokuja Mackay wa misheni ya Kiingereza mwaka 1878, naye alianza kufundisha kwa vitabu vya Kiswahili, akawa na chapa ndogo ya mkono ya kupigia karatasi zake. Basi zingatia: lugha iliyowafungulia watu wa ziwani Biblia ni hii lugha ya pwani, iliyokuwa imepelekwa huko na Waislamu.

Na jambo la kuzingatiwa zaidi ni jina. Katika Buganda mtu aliyeingia dini, ikiwa ya Kiislamu au ya Kikristo, aliitwa msomi, yaani mwenye kusoma. Hakuitwa mwenye kusali wala mwenye kufunga. Watu wale walifahamu ya kuwa nguvu mpya iliyoingia nchini mwao imo ndani ya kitabu, na ya kuwa anayekisoma ndiye atakayeitwa barazani. Fasili zote zijazo ni sherehe ya neno hili moja.

FASILI YA PILI: HUKUMU YA KUISOMA BIBLIA

Kwanza yapasa kujua Biblia ni nini. Muislamu huamini Taurati aliyoteremshiwa Musa, na Zaburi aliyopewa Daudi, na Injili aliyoteremshiwa Isa, amani iwashukie wote. Ama Biblia iliyo mikononi mwa watu ni mkusanyo wa vitabu vingi vilivyoandikwa zama mbalimbali. Waprotestanti huhesabu 66 na Wakatoliki 73. Ndani yake mna sheria, na khabari za wafalme, na nyimbo, na barua za Paulo na wengineo. Katika itikadi ya Kiislamu mkusanyo huu haukubaliwi wote kuwa ndio wahyi ule ule, wala haukataliwi wote kuwa hauna mabaki ya haki.

Sasa dalili. Imepokewa na Imamu Ahmad ya kuwa Sayyidna Umar, r.a., alimjia Mtume, s.a.w., na maandishi aliyoyapata kwa watu wa Kitabu, Mtume akaghadhibika, akasema ya kwamba lau Musa angalikuwa hai angalimfuata yeye. Kwa upande wa pili, imo katika Sahihi ya Bukhari ya kuwa Mtume aliruhusu kuhadithia khabari za Wana wa Israili, akasema hapana ubaya. Tena imo humo ya kuwa aliwakataza sahaba wasiwasadikishe watu wa Kitabu wala wasiwakadhibishe katika wayasomayo. Na Zayd bin Thabit aliamrishwa na Mtume mwenyewe kujifunza maandishi ya Mayahudi, ili barua zao zisiwe fumbo kwake.

Maulamaa wa madhehebu ya Imamu Shafii walizipima dalili hizi. Sheikh Zarkashi alikuwa mkali katika kukataza. Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki mwaka 852 wa Hijra, alieleza katika Fathul Bari ya kuwa zile njia za hadithi ya Umar, ijapokuwa kila moja ina udhaifu, kwa pamoja zaonyesha ya kuwa ina asili. Kisha akatenganisha baina ya watu wawili. Asiyekita mizizi katika imani haijuzu kwake kuvitazama vitabu hivyo. Aliyethibiti katika elimu yajuzu kwake, khasa ikihitajika kumjibu mwenye kupinga. Kwani maimamu wa zamani na wa baadaye walifanya hivyo. Mwanafunzi wake, Burhanuddin al-Biqai, aliyefariki mwaka 885, alizidi hapo. Aliinukuu Taurati na Injili katika tafsiri yake ya Kurani, na alipoandamwa na wanavyuoni wenziwe mjini Misri alitunga risala nzima ya kuithibitisha hoja yake. Sakhawi akamjibu kwa risala ya kukataza.

Basi suala hili lina khilafu ya zamani baina ya watu wa madhehebu moja, na kauli ya Ibn Hajar ndiyo iliyo kati na kati. Kwayo hupatikana masharti manne. La kwanza, msomaji awe amekwisha jifunza Kurani na itikadi yake, asianze kwa kitabu cha mwingine kabla ya chake. La pili, nia yake iwe kujua au kubainisha, isiwe kutafuta dini. La tatu, apime kama walivyopima maulamaa khabari za Wana wa Israili: linaloafikiana na Kurani hukubaliwa, linalopingana nayo hukataliwa, na lililonyamaziwa huachwa lilivyo. La nne, asitukane. Kwani katika Suratul Anaam, aya ya 108, Waislamu wamekatazwa kuwatukania watu wanavyoviabudu, wasije nao wakamtukana Mwenyezi Mungu kwa ujinga.

Na watu wa pwani hawana udhuru wa kusema ya kuwa jambo hili ni geni. Mwaka 1844 Krapf alipokuwa akifasiri kitabu cha Mwanzo huko Mombasa alisaidiwa na kadhi wa mji. Na mwaka 1923 Padri Godfrey Dale wa Unguja alitoa Kurani nzima kwa Kiswahili pamoja na maelezo ya kuipinga. Tafsiri kamili ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy haikutoka mpaka 1969. Kwa miaka 46 padri alikuwa na kitabu cha Waislamu kwa lugha yao, hali ya kuwa wengi wa Waislamu wenyewe walikijua kwa kukighani tu.

FASILI YA TATU: BIBLIA YASEMA NINI JUU YA UTAWALA

Mwenye masharti yale manne akiifungua Biblia kutafuta siasa ataona ya kuwa haina kauli moja, na ya kuwa kila mtawala huchagua ukurasa unaompendeza.

Mfano wa kwanza. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, mlango wa 8, Wana wa Israili wanamtaka nabii wao awawekee mfalme kama mataifa mengine. Samweli anawaonya ya kuwa mfalme atawachukua wana wao kwa vita na binti zao kwa kazi za jikoni, na atayatwaa mashamba yao yaliyo bora awape watumishi wake. Kisa hiki kimo pia katika Suratul Bakara, aya ya 246 na 247. Huko mfalme ni Talut, na wenye mali wanamkataa kwa sababu hana utajiri, wakajibiwa ya kuwa Mwenyezi Mungu amemteua akamzidishia elimu na nguvu za mwili. Tazama tofauti: Biblia yaonya juu ya dhulma ya ufalme, na Kurani yafundisha sifa za anayestahiki kupewa. Mtu wa Buhaya wa zamani angaliufahamu upesi ule mlango wa Samweli, kwani nchini mwake palikuwa na desturi ya nyarubanja. Mtawala humpa ardhi jamaa yake au mtu ampendaye, pamoja na wakaao juu yake, na aliyerithi migomba ya baba yake akaamka asubuhi ni mpangaji wa mtu mwingine. Desturi hiyo ilianza kuondolewa kwa sheria ya mwaka 1965.

Mfano wa pili. Katika Injili ya Mathayo, mlango wa 22, Nabii Isa anaulizwa kwa hila juu ya kodi ya Kaisari, naye anaitaka sarafu, anauliza sura iliyo juu yake ni ya nani, kisha anaamuru kila mwenye haki apewe haki yake, Kaisari na Mungu. Wako Wakristo wanaosema maana yake dini ikae mbali na serikali, na wako wanaosema hapana kitu kisichokuwa cha Mungu, hata Kaisari mwenyewe.

Mfano wa tatu. Barua ya Paulo kwa Warumi, mlango wa 13, yafundisha ya kuwa mamlaka yatoka kwa Mungu na yapasa kutiiwa. Huu ndio ukurasa waupendao wakubwa. Makaburu wa Afrika ya Kusini waliutumia kuhalalisha ubaguzi, mpaka wanavyuoni wa Kikristo wa huko huko wakawajibu mwaka 1985 kwa waraka uitwao Kairos. Na katika Biblia ile ile, kitabu cha Ufunuo, mlango wa 13, mamlaka maovu yamefananishwa na mnyama mkali atokaye baharini.

Msomaji wa Kiislamu asicheke. Wako watawala wa Kiislamu walioitumia aya ya 59 ya Suratun Nisaa, iliyoamrisha kuwatii wenye mamlaka, wakaificha hadithi iliyo mashuhuri ya kuwa hapana kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba. Maradhi ni mamoja, na dawa yake ni watu wenye kusoma ukurasa wa pili.

FASILI YA NNE: DINI ILIPOGEUZWA KUNDI

Sasa zitazamwe khabari zilizotokea, ili ijulikane madhara ya kuifanya dini kundi la siasa.

Septemba 1888 wasomi wa Kiislamu na wa Kikristo wa Buganda walishirikiana kumwondoa Kabaka Mwanga. Mwezi wa pili yake tu Waislamu wakawafukuza Wakristo nchini, kisha wakamtawalisha Kalema. Wakristo wakarudi na silaha, Waislamu wakashindwa. Baada ya hapo Wakristo wenyewe wakagawanyika, Wakatoliki wakaitwa Wafaransa na Waprotestanti wakaitwa Waingereza, kana kwamba dini ni bendera. Tarehe 24 Januari 1892 wakapigana Mengo, na Kapteni Lugard na bunduki zake za mzinga akawa upande wa Waprotestanti. Wakatoliki wakakimbilia Buddu na zaidi ya hapo. Nchi ikagawiwa kwa hesabu ya dini, na katika mapatano ya mwaka 1900 Waislamu walibakiwa na Butambala peke yake.

Hapa ndipo khabari za Buganda ziungapo na Bukoba. Askofu Hirth, mkubwa wa mapadri Weupe, aliondoka Buganda baada ya vita vile akaingia upande wa Wajerumani, ambao kituo chao cha Bukoba kilijengwa na Emin Pasha mwaka 1890. Mwishoni mwa 1892 ikaanzishwa misheni ya Kashozi. Waprotestanti wa Buhaya nao waliwaka kwa cheche za Buganda, wakisoma Biblia ya Kiganda iliyokamilika mwaka 1896, mpaka Wajerumani wa Bethel wakafika mwaka 1910. Hata baada ya miaka sitini alama ya vita vile haikufutika. Chama cha Democratic Party kilipoasisiwa Uganda mwaka 1954, watu waliyafasiri mafupisho ya jina lake, DP, kuwa ni Dini ya Papa.

Zingatia ya kuwa Waislamu wa Buganda hawakushindwa kwa sababu ya Biblia. Walianza kwa kuwafukuza wenziwe walioshirikiana nao, wakaonja kwa kikombe kile kile.

FASILI YA TANO: SKULI, SIASA NA UADILIFU

Nguvu iliyowapeleka Wakristo mbele katika Tanganyika ilikuwa skuli. Mapadri walimfundisha mtoto kusoma ili aisome Biblia. Na aliyejua kuisoma Biblia alijua pia kusoma barua ya serikali, na kuandika hesabu ya kahawa, na kukata rufani. Bukoba ikapata skuli kubwa kama Ihungo ya Wakatoliki na Kahororo ya Walutheri. Nchi hiyo ikamtoa Laurean Rugambwa, aliyefanywa Kardinali mwaka 1960, Mwafrika mweusi wa kwanza katika zama hizi. Ikamtoa pia Josiah Kibira, aliyechaguliwa mwaka 1977 kuwa Rais wa Shirikisho la Walutheri duniani. Ilipofika uhuru mwaka 1961, waliokuwa tayari kukalia viti vya ofisini wengi wao walikuwa wametoka katika skuli hizo. Mwaka 1970 serikali ilizitwaa skuli za makanisa zikawa za watu wote, walakini pengo lililokwisha kuchimbwa kwa miaka sabini halikufukika kwa siku moja.

Malalamiko ya Waislamu katika jambo hili yana msingi, wala haifai kuyadharau. Tarehe 21 Februari 1992 serikali ilitia sahihi mapatano na makanisa juu ya huduma za skuli na hospitali, na Waislamu wengi waliuliza kwa nini mapatano kama hayo hayakufanywa nao. Suala hilo ni haki kuulizwa, na mahali pake ni bungeni, mahakamani na katika magazeti, kwa hoja na hesabu. Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 19, imeweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za serikali, na sheria ya vyama ya mwaka 1992 imekataza chama cha kidini. Zana hizo ni za Muislamu kama zilivyo za Mkristo.

Lakini mwenye kulalamika kwa haki hulazimika kushuhudia kwa haki. Suratul Maida, aya ya 8, imekataza chuki ya watu kumpotosha mtu na uadilifu. Basi na isemwe pia ya kuwa chama cha Bahaya Union kilichoanzishwa Bukoba mwaka 1924 kilikuwa na Klemens Kiiza Mkristo na Suedi Kagasheki Muislamu pamoja. Na isemwe ya kuwa Ali Migeyo, Muislamu wa huko huko, alifungwa na Waingereza kwa kuwatetea wakulima, naye hakuwauliza dini zao. Na isemwe ya kuwa katika utawala wa Benjamin Mkapa, Mkatoliki, majengo ya chuo cha TANESCO yalikabidhiwa Waislamu, na mwaka 2005 kikafunguliwa humo Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro. Kwa kweli chuo kile ni jawabu bora kwa misheni kuliko matusi elfu ya kiwanjani.

Na Mtume, s.a.w., aliweka kipimo kabla ya haya yote. Makureshi walipowatesa sahaba, aliwapeleka kwa Najashi wa Habasha, mfalme Mkristo, kwa sababu katika nchi yake hadhulumiwi mtu. Jaafar bin Abi Talib akasimama mbele yake, akamsomea mwanzo wa Suratu Maryam, akauchagua ukurasa unaomtaja Isa na mama yake. Jaafar aliijua dini ya mwenyeji wake, ndiyo sababu alijua pa kuanzia.

MASUALA NA MAJIBU

Suala: Kijana aliye Kemondo, jirani yake Mkristo akamletea Biblia, afanye nini? Jawabu: Aipokee kwa adabu. Akiwa ni mwanafunzi asiyemaliza elimu yake, aiweke mpaka athibiti, au aisome mbele ya mwalimu. Akiwa ni mwenye elimu, aisome kwa masharti yaliyotangulia.

Suala: Mihadhara ya viwanjani yafaa? Jawabu: Katika miaka ya 1980 walitokea wahubiri kama Ngariba Mussa Fundi na Mohammed Ali Kawemba, walioisoma Biblia wakaitolea hoja, na vijana wengi wakaamka kwa sababu yao. Kubainisha kwajuzu, kwa njia iliyo njema kama ilivyoamrishwa katika Suratul Ankabut, aya ya 46. Kejeli na matusi ni haramu, hata umati ukishangilia.

Suala: Mwaka 2015 makanisa yalitiwa moto katika pande za Bukoba. Nini hukumu ya kitendo kama hicho? Jawabu: Ni haramu, awe aliyekitenda ni nani. Suratul Hajj, aya ya 40, imezitaja nyumba za ibada za Wakristo na Mayahudi pamoja na misikiti katika yale ambayo Mwenyezi Mungu huyakinga yasibomolewe. Achomaye kanisa ameshika upande wa wabomoaji.

Suala: Muislamu ampe kura mgombea Mkristo? Jawabu: Kura ni ushahidi na amana. Atazame uadilifu, uwezo na ukweli wa mtu, kama zilivyotazamwa elimu na nguvu za Talut. Anayemnyima mwadilifu kwa jina lake, akampa mdhalimu kwa kofia yake, amekhini amana.

KHATIMA

Muhtasari wa fundisho hili ni kwamba kitabu cha jirani hakimdhuru aliyekijua chake. Kinachomdhuru ni kutojua kusoma chochote. Waliotangulia kufika ziwani walikuwa watu wa pwani, na waliowapita waliwapita kwa skuli. Basi mwenye mtoto na ampeleke chuoni na skuli pamoja, na mwenye elimu na aieneze, na mwenye hoja na aitoe kwa adabu mbele ya watu wote.

Mwenyezi Mungu atuongoze sote katika yaliyo sawa. Wallahu aalam.